Fundi wa miaka mitano asiye na cheti: achukue mkopo, aende chuo au abaki karakana?

"Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 27, naishi Busia upande wa Uganda na mke wangu na watoto wawili. Niliacha shule Senior Two kwa kukosa karo. Kwa miaka mitano sasa nachomelea vyuma kwenye karakana ya mzee mmoja: mageti, madirisha, stendi za matangi ya maji, mara nyingine trela za malori. Mzee hunilipa kwa kazi, si kwa mwezi. Mwaka huu mkandarasi anayejenga shule alipenda mageti yangu, lakini aliponiomba cheti nikawa sina, kazi akampa mwingine. Mama yangu kijijini Tororo anasema nirudi nichukue ile milioni ya Parish Development Model tufuge nguruwe. Rafiki yangu anasema kuna vituo vya rais vinavyofundisha bure miezi sita, unalala humo humo. Mtu mwingine anaorodhesha vijana wa mtaa wetu kwa mkopo wa kikundi, anataka shilingi 70,000 za fomu. Wengine wanasema Hoima kwenye mafuta wanatafuta wachomeleaji. Nimebakiza miaka mitatu nifike 30, halafu sitahesabiwa tena kijana. Siku hizi macho nayo hunisumbua usiku. Nishike lipi?"

Mdogo wangu, umeuliza mambo manne kwa mara moja, lakini nikikusoma vizuri naona hofu moja chini ya yote. Unaona kama kuna mlango unaofungwa siku utakapotimiza miaka 30, na umesimama nje na hujui uingilie wapi. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu alipe elfu sabini za fomu bila kuuliza. Basi tuanze nayo.

Umri wa miaka 18 hadi 30 ni sharti la mpango mmoja hasa, ule wa mikopo ya vikundi vya vijana, Youth Livelihood Programme, ulioanza mwaka 2014 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Sio sharti la kila kitu. Kupimwa ujuzi wako na kupewa cheti hakuna kikomo cha miaka 30. Emyooga, mpango wa mikopo ya serikali kwa fani ambao nitaueleza baadaye, ina kapu la wachomeleaji wenyewe, na ndani yake kuna watu wa miaka 45. Parish Development Model, mpango wa kukopesha kaya kupitia parishi, yaani kitengo cha utawala kilicho chini ya sabukaunti, inahesabu kaya. Vijana wametengewa asilimia 30 ya fedha zake, lakini mtu wa miaka 31 hafukuzwi. Kwa hiyo miaka mitatu uliyobakiza isikukimbize. Una nafasi ya kupanga hatua zako moja baada ya nyingine, na mpangilio huo ndio jambo kubwa ninalotaka kukuambia leo.

Mtu anayetaka kuishi kwa ufundi anahitaji ujuzi, ushahidi wa ujuzi huo, vifaa na mtaji, halafu wateja. Mipango ya serikali iliyopo Uganda, yote mizuri kwa nafasi yake, kila mmoja unatibu upungufu mmoja tu kati ya hivyo. Vituo vya mafunzo vinatoa ujuzi. Mikopo inatoa mtaji. Vijana wengi ninaowashauri wameumia kwa sababu walikimbilia mpango uliokuwa karibu, au uliokuwa ukizungumzwa redioni wiki hiyo, kabla ya kujiuliza wao wenyewe wanakosa nini. Aliyekosa ujuzi akachukua mkopo, mashine ikakaa chini ya kitanda. Aliyekuwa na ujuzi akaenda kukaa darasani miezi sita kufundishwa anachokijua, na huku nyumbani watoto wanakula nini?

Sasa soma tena barua yako. Mkandarasi aliyaona mageti yako, akayapenda. Wateja unao, kwa kuwa karakana haikosi kazi. Ujuzi unao. Kilichokuangusha ni kitu kimoja: hukuwa na cha kumwonyesha mtu asiyekujua.

Nataka uelewe kwa nini jambo hilo lina uzito, maana mafundi wengi hukasirika wakiombwa karatasi. Wanasema, si uangalie kazi yangu? Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa kikapu au kwa kitenge ni kweli. Kwa mshono wa chuma, hapana, na wewe unajua hivyo kuliko mimi. Mshono unaweza kung'aa juu, umesagwa kwa grainda ukalainika na kupakwa rangi, kumbe ndani una vishimo vya hewa kama mkate, au chuma cha kijiti cha kuchomelea hakikuingia kwenye mzizi wa kiungo. Geti la namna hiyo linapendeza siku ya kuzindua shule. Linakatika mwaka wa pili mtoto akining'inia. Mkandarasi hawezi kuona ndani ya mshono wako. Anachoweza kuona ni kama kuna mtu mwingine, anayejua kuangalia, aliyekwisha kukusimamia ukichomelea na akaweka sahihi yake. Cheti ni jicho la mtu huyo. Mkandarasi hakukudharau, alikuwa na mwenye shule nyuma yake ambaye angemuuliza.

Jambo hili limepimwa hapa kwetu Uganda. Watafiti wa uchumi waliwafuata kwa miaka kadhaa vijana waliogawanywa kwa kura: wengine walipelekwa vyuo vya ufundi kwa miezi sita na kupata cheti, wengine wakawekwa kwenye karakana ambazo zililipwa kidogo ili ziwafundishe kwa muda kama huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Makundi yote mawili yalipata kazi na kipato zaidi ya wale ambao hawakupata chochote. Wa karakana hata walianza kazi mapema. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, wa cheti waliwapita. Sababu si kwamba wa karakana walikuwa wavivu au hawakujua kazi. Karakana ilipofungwa, au walipogombana na mwenye karakana, ujuzi wao ulikuwa unajulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa nao tena. Wa cheti waliubeba wao wenyewe kwenda kwa mwajiri mwingine. Fikiria mzee wako akiugua kesho. Miaka yako mitano iko kichwani mwake.

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi darasani ili uipate karatasi hiyo. Uganda ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini, jua kali. Unaitwa Worker's PAS, yaani ujuzi uliopatikana kwa vitendo, na ulikuwa ukitolewa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, ile ambayo watu wote huiita DIT. Tangu sheria mpya ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025, kazi ya kutahini imewekwa chini ya bodi mpya, UVTAB, lakini mtaani utasikia bado wanasema "cheti cha DIT", na ukiuliza hivyo utaelekezwa. Hawaangalii uliishia darasa la ngapi. Hukai chini kuandika insha ya Kiingereza. Unapewa kazi halisi, unaifanya mbele ya mtahini, anakuuliza kwa mdomo kwa nini umefanya hivi na si vile, na hati unayopewa inaorodhesha kazi ambazo umethibitisha kuziweza. Zaidi ya hiyo kuna vyeti vya ngazi, kuanzia ya kwanza kwenda juu, kwa mtu anayetaka kuendelea.

Usifikiri basi kwamba utaingia na kutoka. Nimewaona mafundi wa miaka kumi wakianguka, na huanguka mahali pale pale. Mikono yao mizuri, ila hawasomi mchoro. Mtahini anawapa karatasi yenye vipimo vya milimita na alama za kiungo, wao wamezoea mteja anayesema "nifanyie kama la jirani." Wengine hawajui kwa nini wanatumia kijiti cha namba fulani au kuongeza umeme, mkono unajua, mdomo haujui. Wengine huchomelea wakiwa wamelaza kazi tu, na wakiambiwa wapandishe mshono wa wima unadondoka kama nta. Kwa hiyo jipe majuma sita au manane. Tafuta mwalimu wa ufundi katika chuo cha karibu akufundishe kusoma mchoro jioni. Mtu mwenye akili ya kazi hujifunza hilo haraka. Fanya mazoezi ya mshono wa wima kwenye vipande vya chakavu. Sema kwa sauti unachokifanya, hata kama watoto wa karakana watakucheka.

Sasa kuhusu vituo vya rais. Rafiki yako hakudanganya. Vipo katika maeneo mbalimbali ya nchi, mafunzo ni ya bure, ya miezi sita, na wanafunzi hulala na kula humo. Wanafundisha uchomeleaji, useremala, ushonaji, ususi, uokaji, ujenzi. Vijana huchukuliwa kupitia wilaya zao, kwa hiyo pa kuuliza ni ofisi ya wilaya, au ya mwakilishi wa rais, RDC. Ni mpango ninaoupenda kwa mtoto wa miaka 19 aliyekaa nyumbani bila kazi yoyote. Lakini umeundwa kwa anayeanza. Wewe ungekaa mwezi wa kwanza ukifundishwa kushika kishikio, na kwa miezi sita mke wako angebaki na watoto wawili bila shilingi, kwa sababu unalipwa kwa kazi na kazi hutaifanya. Kama una mdogo wako kijijini, mpeleke yeye. Wewe usiende, isipokuwa kama utashindwa mtihani wa vitendo kwa namna inayoonyesha kwamba msingi wako una mashimo. Hapo nitabadili maneno yangu.

Tuje kwenye milioni ya mama. Parish Development Model ilizinduliwa na Rais Museveni huko Kibuku mwezi wa Februari 2022, kwa lengo la kuzifikia kaya zinazolima kwa ajili ya tumbo tu; wakati ule serikali ilihesabu kwamba ni asilimia 39 ya kaya zote. Kila parishi hupelekewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa hadi milioni moja kupitia SACCO, yaani chama cha kuweka na kukopa, ya parishi. Nimesema kukopa. Watu wanaiita "pesa ya Museveni" na kuila kama pesa ya uchaguzi. Ni mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, yaani shilingi 60,000 kila mwaka kwa milioni moja, na unatakiwa urudi ili jirani naye akope. Riba hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na wakopeshaji wa mtaani, na ndiyo maana ni mkopo mzuri kwa anayestahili.

Je, wewe unastahili? Tazama masharti yake. Ni kwa mkazi wa parishi, aliye katika kikundi cha watu wanaofanya shughuli moja, na shughuli zilizowekwa mbele vijijini ni za kilimo na ufugaji: kahawa, kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa, matunda, samaki. Wewe unakaa Busia. Ukiandikishwa Tororo kama mkulima huku unachomelea Busia, umeanza na uongo, na uongo huo utakufuata siku ya kulipa. Mama yako ndiye mkazi, ndiye mwenye shamba, na yeye anaweza kuomba kwa jina lake na kitambulisho chake cha taifa. Mwache awe na mradi wake. Mwambie tu mambo mawili ya nguruwe, kwa heshima, maana huenda anayajua kukuzidi. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na maeneo yetu ya mpakani imeyapiga mara nyingi. Ikiingia bandani huweza kumaliza wote kwa siku chache. Basi asinunue wote kwa mkopo kwa mara moja, azungushie banda uzio, na asiruhusu wachinjaji wanaotoka zizi moja kwenda jingine waingie na viatu vyao. Pia aombe aandikiwe tarehe ya kuanza kulipa, asiridhike na kuambiwa kwa mdomo. Wewe msaidie kumjengea banda. Hilo ni mkopo ambao mama hatakudai.

Nimefika kwa mtu wa elfu sabini. Hapa sitazunguka. Fomu za mipango hii haziuzwi. Si za vijana, si za wanawake, si za parishi. Afisa wa maendeleo ya jamii wa sabukaunti au divisheni, ambaye ndiye anayesimamia uundaji wa vikundi vya vijana, analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Afisa akikuambia elfu sabini ni za "kuharakisha faili," anakuomba rushwa. Anayekuomba akiwa si mtumishi wa serikali, anakuibia tu. Usimlipe hata nusu. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya divisheni, muulize afisa mwenyewe kama kuna uandikishaji wa vijana mwaka huu, na kama mtu huyo anajulikana pale. Ukithibitisha kwamba kuna watu wanachangishwa, mlango ni ofisi ya RDC, au ya Inspekta Mkuu wa Serikali, IGG. Najua katika mji mdogo kusema ni kazi ngumu, kwa kuwa mtu huyo huenda ni mume wa dada ya rafiki yako. Nenda na vijana wenzako watatu ambao nao wameombwa. Malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kuyapuuza.

Na hata fomu ingekuwa ya halali, ningekuuliza: hao wengine kwenye kikundi ni akina nani? Mkopo wa vijana hutolewa kwa kikundi cha watu 10 hadi 15, na angalau asilimia 30 wawe wanawake. Ukirudishwa ndani ya miezi 12 hauna riba. Baada ya hapo kuna ada ya asilimia 5. Masharti laini kabisa. Kilichoua vikundi vingi ni namna vilivyozaliwa. Watu kumi wasiojuana waliorodheshwa ili fedha zije, zikaja, wakagawana, wakatawanyika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameripoti zaidi ya mara moja kuhusu vikundi vilivyokuwa vimevunjika au kutoonekana kabisa. Aliyebaki mtaani ndiye aliyefuatwa kulipa. Wewe una karakana inayojulikana na kila dereva wa lori. Wa kwanza kufuatwa ungekuwa wewe.

Wakati wako wa mtaji utafika, ila uje baada ya cheti, na ningependa uje kupitia Emyooga. Mpango huu ulianza mwaka 2019 na umepangwa kwa fani: bodaboda, washonaji, wenye saluni, makanika, maseremala, na wachomeleaji wana fungu lao. Mafundi wa eneo huunda chama, vyama vya fani moja huungana kwenye SACCO ya jimbo la uchaguzi, na serikali iliweka mtaji wa kuanzia wa shilingi milioni 30 kwa kila SACCO ya kawaida. Utaona hesabu yenyewe: milioni 30 kwa wachomeleaji wote wa jimbo ni kidogo. Hazitakununulia karakana. Ila zinaweza kukununulia mashine yako ya kuchomelea na grainda, na walio nawe ndani ya chama ni watu wanaojua kazi yako na wenye sababu ya kukaa mjini. Uliza kwa afisa biashara wa manispaa kama SACCO ya wachomeleaji wa jimbo lako iko hai, nani mwenyekiti, na mara ya mwisho walikopesha lini. Nyingine ziko hai kweli, nyingine zimebaki jina kwenye mlango. Ukikuta hai, jiunge sasa uanze kuweka akiba hata ya elfu tano kwa juma, ili siku ya kuomba uwe mwanachama unayejulikana.

Niseme ukweli wote kuhusu mtaji, kwa sababu hapa ndipo matumaini huvimba. Kaskazini mwa nchi, serikali kupitia mfuko wa NUSAF ilivipa vikundi vya vijana ruzuku, takriban dola 382 kwa kila mwanachama, wajifunze ufundi na kununua vifaa. Haikuwa mkopo. Baada ya miaka 4, waliopewa walikuwa wakipata asilimia 38 zaidi ya wenzao walioomba wakakosa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Watafiti waliowafuatilia wakarudi tena baada ya miaka 9. Wale waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato. Walikuwa wamejipigania polepole, kwa vibarua na akiba. Waliopewa walibaki na mali zaidi na ufundi mikononi. Mimi nasoma hivi: mtaji ulimfikisha mtu mapema mahali ambapo angefika kwa kuchelewa. Miaka kadhaa ya mapema ni kitu kikubwa kwa mtu mwenye watoto wadogo, usidharau. Lakini usivunje ndoa yako wala karakana yako kwa kuukimbilia.

Hoima nitaipita haraka. Bomba la mafuta linatoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga, kilomita 1,443, na sehemu kubwa ya ujenzi imekwisha kupita. Kuchomelea bomba la mafuta si kuchomelea geti. Kila mshono hupigwa picha kwa mionzi au kuchunguzwa kwa mawimbi ya sauti, na mchomeleaji hupimwa kwa viwango vya kimataifa, kwa mkao mgumu kabisa ambapo bomba limeinama na huwezi kulizungusha. Cheti cha ngazi ya kwanza hakitakuingiza humo. Mtu asikuuzie nafasi ya kazi ya Hoima. Mamlaka ya Petroli ina daftari la taifa la watu wenye ujuzi wa mafuta na gesi, NOGTR, unajiandikisha mtandaoni. Ukishapata cheti weka jina lako humo, kisha endelea na mageti.

Macho. Umeyataja kwa sentensi moja mwishoni kama kitu kidogo, na mimi hicho ndicho kilichonifanya nikujibu kabla ya barua zilizotangulia. Kama usiku unahisi mchanga ndani ya macho, yanatoa machozi na huwezi kutazama taa, hiyo ni ngozi ya jicho iliyounguzwa na mwanga wa kuchomelea, kama ngozi ya mwili inavyobabuka. Ikitokea mara moja tu, hupona kwa siku moja au mbili. Ikijirudia kila wiki, unajiharibia kifaa ambacho hakuna SACCO inayokikopesha. Miwani ya jua haizuii mwanga ule, hata iwe nyeusi namna gani. Tafuta barakoa ya kuchomelea yenye kioo halisi cha namba 10 au 11, na wenzako wa karakana nao wakuambie kabla ya kuwasha, maana mwanga wa jirani unachoma vilevile. Tena usiweke maziwa, wala matone uliyoachiwa na mtu. Kama maumivu yanazidi siku mbili, au unaona ukungu, au uliwahi kurukiwa na kipande cha chuma ukisaga, nenda kwenye kliniki ya macho hospitalini wiki hii. Jambo hilo huwezi kulimaliza kwa barua. Na ujue pia kwamba mtahini, kabla hajatazama mshono wako, ataangalia umevaa nini.

Kuna mtu wa kuzungumza naye kabla ya hao wote, naye ni mzee wako. Vijana wengi hufanya mtihani kwa siri, mzee akigundua anaona amesalitiwa, na siku hiyo wanapoteza karakana na baba kwa pamoja. Mwambie wazi kwamba unataka kupimwa, na kwamba cheti chako kitamletea yeye kazi za shule na zahanati alizokuwa akikosa. Ni kweli, kitamletea. Mwombe barua fupi inayosema umefanya kazi kwake tangu mwaka gani na kazi zipi. Piga picha za mageti yako kabla hayajapakwa rangi, mshono ukiwa wazi, uzihifadhi. Akikataa, au ikitokea amekukatalia malipo ya kazi uliyomaliza, afisa kazi wa wilaya anasikiliza malalamiko ya namna hiyo bila kudai uwe na mkataba ulioandikwa. Lakini mimi ningeanza na mzee, jioni, karakana ikiwa imefungwa.

Kisha nenda kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu ambacho kimeidhinishwa kuwa kituo cha mtihani. Muulize mkuu wa kituo ada ya Worker's PAS ya uchomeleaji ni kiasi gani kwa sasa, inalipwa benki gani kwa namba gani ya malipo, mtihani unaofuata ni lini, na je unaweza kuona mfano wa kazi iliyotolewa mara iliyopita. Usimpe mtu fedha taslimu, udai risiti. Zile 70,000 ulizokuwa umeziandaa kwa ajili ya fomu, kuwa nazo mfukoni siku hiyo, ziwe mwanzo wa ada. Mkandarasi yule pia usimkasirikie. Weka namba yake ya simu. Kwa kazi za shule atakuhitaji uwe na biashara iliyosajiliwa URSB na namba ya mlipakodi kutoka URA, kwa hiyo muulize mapema anataka nini kingine zaidi ya cheti, ili usirudi kwake mara ya pili ukiwa na karatasi moja kati ya tatu.